Funda la Kwanza ni la Mwenye Pombe

Rebeka alikuwa na njia yake ya kumpima mume wake, na wala hakufundishwa hospitali. Mayala akirudi jioni, kabla hajavua viatu, alimsimamisha mlangoni, akamsogelea kama mtu anayetaka kunong'onezwa siri, akamwambia, "Sema habari za hapa."

Mayala alisema. Ukitaka kusema maneno hayo sawasawa lazima utoe pumzi, na pumzi ikitoka haiachi kitu nyuma. Tena pua ya Rebeka haikuwa ya mchezo. Alizaliwa Ukerewe, kwenye nyumba ya wauza samaki. Mfumbe macho, bado angekutengea sato wa leo na sato wa jana. Akinusa na kuridhika humjibu, "Za hapa nzuri, karibu ndani," halafu anakwenda kupakua chakula. Ni aibu mtu mzima kunuswa mdomo na mke wake? Ni aibu. Lakini Mayala mwenyewe ndiye aliyeomba afanyiwe hivyo.

Aliomba siku walipomzika mama yake, huko Magu. Yeye ndiye kifungua mimba, na ilikuwa zamu yake kutupa udongo wa kwanza kaburini. Walimtafuta, wakamwita, wakasubiri mpaka mchungaji akaanza kutazama jua. Mdogo wake akashika koleo. Mayala walimkuta baadaye nyuma ya zizi, amelala kifudifudi kwenye samadi, na alipozinduka aliuliza, "Mama yuko wapi?" kana kwamba amekwenda gulioni. Rebeka hakumsahau mwanamume yule wala lile swali. Usiku wa matanga Mayala alimshika mkono mbele ya ndugu, akasema, "Nikimeza tena hata tone, funga vitu vyako urudi kwenu, na mimi usiniulize. Ninuse kila siku."

Na alijua anachosema. Kabla ya hapo alishajaribu kunywa kistaarabu, glasi moja tu baada ya chakula, kama walivyomshauri rafiki zake. Hiyo glasi moja ilimchukua Ijumaa na kumrudisha Jumanne, hana koti, hana kiatu cha kushoto. Kwa watu wengine tone ni tone. Kwa Mayala tone ni mlango.

Sasa mtu wa namna hiyo afanye kazi gani? Angekuwa seremala tungepumua. Mungu naye ana mizaha yake: Mayala alikuwa mpika bia, na hakuwa na ufundi mwingine duniani.

Ufundi wenyewe aliupata mbali. Enzi zile serikali ikipeleka watu kusoma nje, alipelekwa Ubelgiji, akaangukia mji mdogo wenye monasteri ambako watawa, wanaume wazima wenye majoho, huamka alfajiri kusali na mchana hupika bia. Rebeka hakuamini mpaka alipoonyeshwa picha. Bia yao kubwa iliitwa tripel. Rangi yake ya dhahabu, povu lake zito, na baada ya kufungwa chupani inaendelea kuchachuka humo humo, polepole, kama uji unaotokota jiko limeshazimwa. Mayala alirudi Mwanza na bia hiyo kichwani na hakupata mahali pa kuipika, kwa sababu kiwanda cha umma alichoajiriwa kilipika bia ya aina moja, na siku umeme ukikatika hakikupika hata hiyo.

Kisha likaja soko huria. Mabatini kukafurika sabuni za kila nchi, mitumba, redio, na bia za makopo ambazo watu walizinunua ili waonekane wameshika kopo. Kiwanda cha umma kikauzwa, wenye mali wapya wakaja na mashine zao na vijana wao, na Mayala akapunguzwa pamoja na wenzake, wakapewa barua ya shukrani. Alikaa nyumbani akitengeneza mabawaba ya milango ambayo hayakuharibika. Rebeka alimnusa kila jioni kwa hofu zaidi, maana mtu asiye na kazi ana muda wa kila kitu.

Aliyemwokoa, au tuseme aliyemsogeza ukingoni, ni Nurdin, mfanyabiashara wa Mabatini aliyekuwa na ghala Nyakato. Zamani liliwekwa pamba. Sasa lilikaa popo. Nurdin alisikia habari ya bia ya watawa, akaona mji unavyopenda kitu kipya, akasema, "Mimi natoa ghala, mapipa na chupa. Kilichomo ndani ya chupa ni cha kwako na Mola wako." Rebeka alipinga. Alilia, akafunga chakula, akaomba. Mwisho Mayala alimwambia, "Mama Sabina, nitapika, sitameza. Nitaonja na kutema. Kuna ndoo. Njoo ukae karibu uniangalie."

Akaenda kweli kumwangalia. Na kwa kuwa hakuzoea kukaa mikono mitupu, akapewa kazi ya sukari. Bia ile inataka sukari iliyopikwa, na Mayala alimfundisha kuichemsha kwa maji kidogo na limau, juu ya mkaa, bila kuacha kukoroga, mpaka ifike rangi ya asali mbichi. Ukichelewa dakika inakuwa ya kahawia na kila kitu kimeharibika. Rebeka hakuchelewa. Kanisani walipomuuliza anafanya nini Nyakato alijibu, "Napika sukari," na hakuwa amesema uongo. Mama Suzana, mwenyekiti wa kwaya, alimtazama juu ya miwani akasema, "Lila na fila havitangamani, Rebeka." Lakini hawakumgusa. Sauti yake ya pili ilikuwa ndiyo nguzo ya kwaya ile, na Pasaka ilikuwa karibu.

Bia ya pipa la kwanza ilipokomaa chupani, Nurdin aliwaita wenye baa waje kuonja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Walikuja wa Nyakato kwa miguu, akaja Paskazia mwenye baa ya Mabatini, mama wa Kihaya mwenye mdomo mwepesi na mkoba mzito, na mwisho akaja Ngosha wa Mkolani. Huyo ndiye aliyesubiriwa. Ngosha akinywa kitu, wenye baa wengine wanakiagiza hata kabla hajafuta mdomo. Akisusa, kimesusiwa mpaka Usagara. Mayala alimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, baba," akakaa kwenye kiti walichompa, kiti kikalalamika.

"Haya, tuletee hiyo tilipeli," alisema Ngosha. "Ya baridi au ya moto?"

"Si ya baridi sana wala ya moto, mzee. Ya kivulini."

"Ya kivulini!" Paskazia alicheka. "Wateja wangu wanajua baridi na moto. Hiyo kivuli nitaiweka wapi?"

Wakacheka wote, na Rebeka, aliyesimama nyuma karibu na jiko lake la mkaa, alianza kupumua. Mayala alikuwa amevaa shati jeupe. Alifungua chupa, kizibo kikatoa mlio, akamimina taratibu kwenye glasi ya mguu mrefu ambayo Nurdin aliazima kwa mke wake, moja ya glasi zake za sharubati. Povu likapanda likasimama. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha na kuwaeleza habari za shayiri, za hamira aliyoilea kwenye chupa ya maziwa, za ule uchungu wa maua yanayotiwa kwenye bia unaokuja mwishoni. Alieleza vizuri. Rebeka alimwonea fahari. Mume wake alionekana kama zile picha alizopiga ugenini, kabla kila kitu hakijaharibika.

Kisha Mayala akanusa, akaonja, akaizungusha mdomoni, akageuka na kuitema kwenye ndoo.

Ngosha aliinama akaitazama ndoo.

"Mayala. Umefanya nini?"

"Nimeonja, mzee."

"Umetema."

"Ni utaalamu. Kule Ulaya anayeonja—"

"Hapa ni Nyakato," Ngosha alisema, na wala hakupandisha sauti. "Hapa mwenye pombe anaanza yeye. Anameza tukimwona koo. Baba yako alifanya hivyo, akaondoa sumu, ndipo wageni wakashika kata. Hata bibi anayeuza pombe ya mtama nyuma ya reli, mlevi wa mwisho akimfikia, anaanza yeye. Leo wewe unaitema mbele yetu, halafu unatupa glasi?"

"Na mwaka jana si watu walipofuka kwa gongo ya uani?" Paskazia alidakia, akiwa ameshasukuma glasi yake mbali. "Aliyeiuza naye alikuwa haonji. Eti ana vidonda vya tumbo."

Nurdin alisimama, mkono kifuani. "Wazee wangu, ningekunywa mimi, ila dini yangu inanikataza."

"Wewe hatukulaumu, Nurdin. Hukupika." Ngosha hakumwondolea macho Mayala. "Nangoja mpishi."

Mayala alilamba midomo. Ikabidi aseme. "Mzee, mimi niliacha kunywa. Ilinidhuru. Niliapa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana Ngosha aliegemea mbele, akauliza kwa upole kabisa, "Ilikudhuru, ukaikimbia. Sasa mbona unatupikia sisi?"

Swali lile Rebeka alishajiuliza mwenyewe akikoroga sukari, akaamua kukoroga kwa kasi zaidi. Mmoja wa wenye baa wa Nyakato alivaa kofia yake. Nurdin alikuwa akiyatazama mapipa yake kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

Mayala akaiangalia glasi.

Rebeka aliiona ile namna ya kuangalia. Haikuwa hesabu ya mfanyabiashara anayepima hasara. Aliangalia kama mtu anayeangalia mlangoni ambako mtu wake wa siku nyingi amesimama. Mkono ukaanza kwenda. Mbaya zaidi, usoni alikuwa na nafuu: sasa ana sababu, sasa hakuna atakayemlaumu, wamemlazimisha wenyewe. Rebeka aliona zizi la Magu, aliona samadi kwenye shavu, akasikia, "Mama yuko wapi?"

Aliuacha mwiko ukaanguka. "Mwenye pombe ni mimi," alisema.

Wote wakageuka.

"Sukari iliyomo humo nimeipika kwa mikono yangu. Bila hiyo ni maji ya shayiri. Mzee Ngosha, unataka mpishi ameze? Nitameza."

"Mama Sabina," Mayala alisema, sauti ndogo.

"Nyamaza, baba."

Aliichukua glasi mkononi mwake. Ilibidi aivute kidogo, kwa sababu vidole vya Mayala havikuachia mara moja. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kunywa kileo, hata togwa iliyolala siku mbili aliimwaga. Alifumba macho kama anayetaka kuomba, akaona si vizuri kuomba kwa jambo hilo, akafumbua, akanywa.

Kwanza lilikuja povu, laini kama maziwa yanayokamuliwa. Kisha kitu kama ndizi mbivu, na karafuu kwa mbali, akashangaa, maana karafuu hakuna aliyeweka. Alitafuta sukari yake. Alijua ameitia kwa wingi, na aliitafuta ulimini na pembeni mwa mashavu asiione. Imekwenda wapi? Akameza, na ndipo alipoipata: haikuwa tamu tena, ilikuwa joto. Ilimshuka kifuani taratibu ikaketi. Nyuma yake ukabaki uchungu kooni, uchungu safi, ambao hakuuchukia. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amejiandaa kwa dawa, na haikuwa dawa.

"Nimemeza," alisema, akafungua mdomo waone, kama mtoto.

Ngosha alimtazama, akatazama glasi. "Umebakiza."

"Nimeonja."

"Mwonja asali haonji mara moja, mama. Malizia, tukuamini."

Akamalizia. Ndipo Ngosha alipocheka kicheko cha tumbo zima, akashika glasi yake, na kila mkono mle ghalani ukashika glasi. Paskazia alikunywa, akanyamaza, akanywa tena, na Paskazia kunyamaza ni habari. Kabla jua halijalala kreti zote zilikuwa zimepata wenyewe. Rebeka alikaa juu ya gunia, akimwona Mayala akizunguka kati ya wageni na shati lake jeupe, mkavu, salama. Alimshukuru Mungu. Siku ile alimshukuru kwa moyo wake wote, na pumzi yake ilinuka karafuu.

Nyumbani Mayala alipiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwake, akalia. "Umeniokoa," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Habari zilifika kanisani kabla ya kengele. Mji ule una vinywa, na mama mlokole kunywa bia mbele ya wanaume ni ladha kuliko bia yenyewe. Wazee wa kanisa walimwita. Alikiri, maana hakujua kudanganya, lakini hakusema kwa nini. Sababu ilikuwa ya Mayala na ni Mayala aliyepaswa kuisema. Wakamtenga asishiriki meza ya Bwana wala asiimbe. Mama Suzana alikuja mwenyewe kuchukua joho la kwaya. Alilipokea limekunjwa, na kabla ya kulitia mkobani alilisogeza puani kidogo, kwa siri ambayo haikuwa siri. Rebeka alitaka kuzama.

"Twende ukawaambie," alimwambia mume wake. "Waambie nilikunywa ya nani."

"Nitawaambia."

"Jumapili hii?"

"Mama Sabina, nikisema hayo wataniuliza mbona naipika, watanitaka niache. Ngoja tusimame kwanza. Tukisimama, nitakwenda mimi mwenyewe, nitapiga magoti mbele ya kanisa zima."

Wakangoja wasimame. Biashara ikasimama, ikatembea, ikaanza kukimbia. Mayala peke yake ndiye aliyekuwa bado hajasimama. Kila Jumapili ilikuwa na mzigo wa kupeleka Igoma au pipa linalohitaji mtu. Rebeka alikaa benchi la mwisho, karibu na wanaochelewa, akiisikia kwaya ikiimba bila sauti ya pili, na aliona kwamba inaimba vizuri tu.

Na Jumamosi zikawa zake. Kila pipa jipya likifunguliwa, Ngosha alikuja, akakaa, akauliza, "Mama yuko wapi?" Wenye baa wengine wakaiga. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: tilipeli ya Nyakato haishikwi na mtu mpaka mama wa sukari ameze. Mara moja alikataa. Alisema leo ana kichwa. Ngosha alirudisha glasi mezani bila ugomvi, wenzake wakarudisha zao, na Mayala akamwangalia mke wake kwa macho ambayo alishindwa kuyavumilia. Akanywa. Hakukataa tena.

Halafu kulikuwa na jambo la mwisho wa bia, ile ladha inayobaki ukishameza. Mtu anayetema anaijua bia nusu; uchungu wa bia ile unakaa kooni, hautoki mpaka umeze. Kwa hiyo Mayala alimhitaji. "Mwisho wake ukoje?" alikuwa akimwuliza siku za katikati ya juma, wakiwa wawili tu, mapipa yakinong'ona. "Unakaa? Unakauka au unateleza? Joto linaanzia wapi?" Rebeka alimweleza kadiri alivyoweza, na kila siku aliweza zaidi. Alijua pipa lililopata joto wakati wa mgao wa umeme, alijua hamira iliyochoka. Mayala alisikiliza ameinama mbele, macho mdomoni kwake. Miaka mingi mume wake hakuwa amemsikiliza hivyo. Alidhani ni kazi. Alidhani, wakati mwingine, ni mapenzi.

Hakuna aliyejua ni lini Rebeka alivuka mpaka wa kuonja, na yeye hakujua. Bia ile haina kelele. Haikuangushi, haikutapishi, inakukalisha tu vizuri ndani ya mwili wako. Kulikuwa na chupa zilizojaa vibaya, zile za kupasuka, ambazo Mayala aliagiza zimwagwe; Rebeka aliona ni dhambi kumwaga sukari yake. Akaanza na moja baada ya kazi. Jumapili moja alifika kanisani akaona mlango wa nyuma umefunguliwa, akasikia kwaya, akageuka. Ghala lilikuwa na kivuli, na kivulini palikuwa na chupa, si za baridi wala za moto. Hapo hakuna aliyemtazama juu ya miwani. Sabina, binti yao, aliandika kutoka shule ya bweni kuuliza mbona mama hamwandikii siku hizi. Barua ilikaa juu ya kabati.

Kuna siku ya juma, jioni, jua likiwa bado juu ya mawe, Rebeka alirudi kutoka Nyakato akitembea katikati ya njia kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Hakuwa na kitu kichwani. Majirani walimwamkia, akawaitikia mmoja mmoja kwa majina yao, polepole, bila kukosea. Alipofika kwake alimkuta Mayala amesimama mlangoni. Alikuwa amewahi kurudi. Alikuwa amevaa shati jeupe, mkavu, mzuri wa uso, mwanamume aliyeponywa. Mtaa mzima ulimsifu.

"Umechelewa," alisema.

"Kulikuwa na chupa za kuosha."

Mayala alisogea karibu, kama mtu anayetaka kunong'onezwa siri. "Sema habari za hapa."

Basi siku imefika, aliwaza Rebeka. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Miaka yote ile alikuwa yeye upande wa ndani wa mlango, na hakujua kumbe mtu akisimama upande wa nje huwa mdogo hivi. Alitaka kumwambia kwamba ni kwa ajili yake. Alitaka kumwuliza Jumapili ile iko wapi, ile ya kupiga magoti. Alitaka pia Mayala amfukuze, amwambie funga vitu vyako urudi kwenu, kwa sababu angefika Ukerewe na huko hakuna tilipeli. Angalau mmoja wao angekuwa ameshika kiapo. Kisha hasira ikaipita aibu. Anataka kunusa? Anuse. Aliinua uso akamsemea puani, kwa pumzi yote iliyokuwa kifuani:

"Habari za hapa."

Akangoja arudi nyuma. Akangoja kofi, au kilio, au jina la marehemu mama yake.

Mayala hakurudi nyuma. Alikuwa amefumba macho. Pua zake zilitanuka na kifua chake kikapanda, taratibu, kikajaa, na alikaa nayo ndani muda mrefu kabla ya kuiachia, na usoni alikuwa na ile nafuu aliyokuwa nayo siku ile mkono ulipoanza kwenda. Rebeka aliitambua. Akayakumbuka maswali yote ya ghalani, mwisho wake ukoje, joto linaanzia wapi, na yale macho mdomoni kwake, akaelewa kwamba tangu funda lile la kwanza hakuwa amemzuia Mayala kunywa, ila alimpa koo lake anywee.

Mikono ya Mayala ilimshika mabega kwa upole, akamvuta karibu zaidi.

"Sema tena," alisema.

Na Rebeka, Mungu amrehemu, akasema.